Kupe, Miche na Shahada: Wangari Maathai Alivyobeba Kazi Yake

Kila Disemba jarida letu likichapishwa, habari za Uhuru huandikwa kwa njia ileile: usiku wa kuamkia tarehe 12 Disemba 1963, bendera ya Mwingereza ikishuka na yetu ikipanda, Mzee Kenyatta na mgwisho wake. Ni habari tamu na hatuzichoki. Mwaka huu sisi wauguzi wa chama tumepewa kurasa za historia, nasi tumechagua habari inayogusa nyumba nyingi kuliko tunavyokiri tunapokutana harusini: habari ya shahada kubwa na kazi.

Katika familia zetu wapo vijana ambao mwaka huu au ujao watamaliza shahada ya uzamifu. Wengine wamezaliwa hapa Marekani, wengine walikuja na masanduku yao baada ya kusoma Nairobi, Maseno au Eldoret. Tuliwachangia. Harambee zilifanywa, shamba liliuzwa, kuna mama aliyefanya zamu mbili kwa siku katika makao ya wazee miaka na miaka. Sasa kijana amemaliza tasnifu ya kurasa mia tatu, na kazi ya kufundisha chuo kikuu aliyoitarajia haipo, au ipo ya mwaka mmoja tu, katika jimbo la mbali, bila bima ya maana. Wazee wanauliza: "Huyu si daktari? Mbona hana kazi, na hospitali zimejaa wagonjwa?" Tunawaeleza tena kwamba kuna daktari wa sindano na daktari wa vitabu. Kijana akiulizwa hivyo mara tatu, haji tena mikutanoni. Tumewahesabu wasiokuja. Si wachache.

Neno uzamifu limetokana na kuzama: mtu amezama ndani ya jambo moja mpaka chini kabisa. (Wenzetu wa Dar es Salaam humwita mzamiaji mtu aliyejificha melini akaenda Ulaya, nasi hutaniana kwamba wote wawili walizama, tofauti yao ni karatasi.) Swali la kijana wetu ni hili: nikiibuka, nimeibuka na nini mkononi? Jibu limo ndani ya historia yetu wenyewe ya Uhuru, tena sehemu yake kubwa ilianzia hapa Marekani.

Tuanze na wakati ambapo swali hilo halikuwepo. Mwaka wa 1956 Julius Gikonyo Kiano alimaliza uzamifu wake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akawa Mkenya wa kwanza kuwa na shahada hiyo. Alirudi Nairobi akafundisha uchumi, na mwaka wa 1958 alikuwa tayari ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye akawa waziri. Nchi ilikuwa inamsubiri. Kiano na Tom Mboya ndio waliohangaika kutafuta nafasi za masomo Marekani, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi ikaja na vijana 81. Miongoni mwa Wamarekani waliotia sahihi barua ya kuomba michango ya nauli walikuwa Jackie Robinson, mcheza besiboli, na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier. Watoto wetu hupenda kusema kwamba baba yake Obama alikuwa ndani ya ndege hiyo. Hakuwamo, ingawa tunaelewa kwa nini hadithi hiyo inapendeza.

Wakati huohuo, Eduardo Mondlane wa Msumbiji alimaliza uzamifu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka wa 1960, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Syracuse. Mwaka wa 1962 FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam, yeye ndiye aliyechaguliwa kuiongoza, na huko Dar ndiko alikouawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Kwa watu wa rika lile, shahada ilikuwa mlango wa jambo lolote, kwa kuwa waliosoma walikuwa wachache na kazi ya kujenga nchi ilikuwa nyingi. Wazazi wetu walilelewa na picha hiyo, wakatulea nayo. Picha hiyo imepitwa na wakati, na ndiyo maana mwanamke tunayetaka kumweleza anatufaa zaidi kuliko Kiano. Yeye alipata shahada, akapata kazi, kisha kazi ikaondoka.

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940. Mwaka wa 1960 alikuwa mmoja wa Wakenya walioletwa Marekani kwa mpango ule wa akina Mboya. Alipelekwa Atchison, Kansas, mji mdogo kando ya mto Missouri, katika chuo cha masista wa Kibenediktini kiitwacho Mount St. Scholastica. Baadhi yetu tumeipita njia ya Kansas City mara nyingi bila kujua kwamba hapo jirani ndipo alipokaa miaka minne. Alisomea biolojia, pamoja na kemia na Kijerumani. Kijerumani hicho kikumbukwe. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya uzamili, na huko akajifunza kazi ya mikono: kuchukua kipande cha nyama ya mnyama, kukiandaa, kukikata vipande vyembamba mno, kuvitia rangi na kuvisoma kwa hadubini.

Januari 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua mfukoni. Profesa wa zuolojia alikuwa amemwahidi kazi ya msaidizi wa utafiti. Alipofika kuripoti aliambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Hakuna anayesoma mistari hii asiyejua uzito wa siku ya namna hiyo. Wapo kati yetu waliofika hapa na barua za aina hiyo.

Kilichomwokoa hakikuwa jina la shahada yake. Katika chuo hichohicho Mjerumani mmoja, Profesa Reinhold Hofmann kutoka Giessen, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu kwa hadubini. Wangari hakuwa amesomea mifugo. Ila mikono yake ilijua kazi ile, na Hofmann akamchukua. Mwaka wa 1967 alikwenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuendelea na utafiti, na hapo Kijerumani cha Kansas kikapata kazi. Mwaka wa 1971 alipata uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia hapo. Tasnifu yake ilihusu namna viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyoanza na kukua tumboni mwa mama. Alipanda ngazi hadi kuongoza idara na kuwa profesa mshiriki. Mpaka hapo ni hadithi ambayo mzazi yeyote angeipenda.

Sasa tufike kwenye kupe, maana hapa ndipo penyewe.

Katika miaka ya sabini alikuwa akichunguza ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ule ambao wafugaji wengi huuita ndigana. Ng'ombe wa kisasa walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo. Ili apate kupe ilimbidi atoke maabara aende mashambani, nje ya Nairobi, akawatoe masikioni mwa ng'ombe. Mtu mwingine angekusanya kupe akarudi zake mjini. Wangari alitazama pia ng'ombe mwenyewe, mbavu zikihesabika. Alitazama nyasi, hazikuwepo. Mvua iliponyesha alitazama mito, ikiteremka na udongo mwekundu. Watu nao walionekana kukosa lishe. Alipokwenda kwao Nyeri alikuta mugumo aliokuwa akiufahamu tangu utotoni umekatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Akafikia uamuzi kwamba adui mkubwa wa ng'ombe wale hakuwa kupe. Ardhi yenyewe ilikuwa inakufa.

Sisi wauguzi tunaifahamu hatua hiyo. Mgonjwa analetwa na kidonda cha mguu kisichopona. Unaweza kubadilisha bandeji kila siku kwa mwezi mzima. Au unaweza kuuliza anakula nini, analala wapi, sukari yake ikoje, nani anamnunulia dawa. Kujua wakati wa kuacha swali ulilotumwa nalo na kushika swali lililo kubwa zaidi ni ujuzi, tena wa gharama. Huo Wangari aliupata kwa miaka mingi ya kutazama vitu vidogo kwa makini hadi akazoea kutoamini jibu la kwanza.

Wakati huo alikuwa pia katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Katika semina mojawapo ilielezwa kwamba watoto wa Mkoa wa Kati, eneo lenye rutuba na mvua, walikuwa na magonjwa ya utapiamlo. Jambo hilo lilishangaza. Wanawake wa vijijini walipoulizwa, walieleza. Mashamba yalikuwa yamejaa kahawa na chai. Kuni zilikuwa adimu. Mama asiye na kuni hapiki githeri ya saa tatu, anatafuta chakula cha kuiva upesi, mkate na chai, na mtoto anashiba bila kulishwa. Tazameni mnyororo huo: msitu, kuni, chungu, mtoto. Kati yetu wapo waliopimwa uzito kliniki chini ya miti miaka hiyo, na hatukujua kwamba kulikuwa na mtu aliyeanzia kwenye mizani ile akarudi nyuma hadi kwenye shoka.

Tarehe 5 Juni 1977 ilipandwa miti saba Kamukunji, Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt. Watoto wetu wanafundishwa hadithi ya mama aliyependa miti. Si uongo, lakini imepunguzwa sana. Tunachotaka wakione ni jinsi kazi ilivyopangwa. Maafisa wa misitu waliamini kwamba kupanda miti ni kazi ya waliosomea. Wangari, profesa, aliwaambia wanawake watumie akili yao ya shambani: wakusanye mbegu za miti ya kwao, wazioteshe kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wawekee mbali na kuku na mbuzi, waone ipi inaota na ipi inakataa, kisha wafundishane. Na malipo madogo aliyoyatafutia fedha hayakutolewa kwa mche uliopandwa. Yalitolewa kwa mche uliopandwa ukapona.

Mwenye kufanya utafiti ataona mara moja alichokifanya. Serikali na wafadhili wengi huhesabu miche iliyotolewa siku ya sherehe, waziri akipigwa picha na koleo. Yeye alihesabu iliyo hai baadaye, tena aliweka utaratibu wa mtu kurudi kuhesabu, kuandika na kutuma taarifa. Wodini tunasema hivyohivyo: dawa iliyotolewa haijawa dawa iliyofanya kazi mpaka urudi kitandani kuangalia. Kamati ya Nobel ilipomtunuku mwaka wa 2004, ilitaja miti milioni 30. Hesabu kama hiyo huwezi kuwa nayo kama hukuwa na daftari tangu mwanzo.

Halafu ukaja mwaka wa 1982. Wangari alitaka kugombea ubunge katika uchaguzi mdogo Nyeri. Sheria ilimtaka ajiuzulu chuoni kwanza, akajiuzulu. Kisha akaambiwa hastahili kugombea kwa sababu ya kasoro ya usajili wa mpiga kura. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, nafasi ilikuwa imeshajazwa. Akatakiwa kuhama nyumba ya chuo. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka 16. Alikuwa na umri wa arobaini na ushei kama wengi wetu tunaoandika haya, mama wa watoto watatu, mwenye shahada kubwa kuliko mwanamke yeyote katika nchi yake ilipotolewa, na mshahara hakuna.

Hapa tunaomba vijana wasome polepole. Katika vyuo vya hapa huitisha semina za kuwaambia wanafunzi wa uzamifu kwamba wana stadi zinazohamishika, na hugawa orodha: mawasiliano, uongozi, utatuzi wa matatizo. Tumeziona karatasi hizo mezani kwa watoto wetu. Zina ukweli wake, lakini husomeka kama stadi hizo zinahama zenyewe. Za Wangari hazikuhama zenyewe. Green Belt ilikuwa imeshafikisha umri wa miaka mitano siku alipopoteza kazi. Aliianza akiwa bado na mshahara, jioni na mwisho wa juma, pamoja na wanawake waliomjua kwa kazi na si kwa cheo. Hata hivyo kulikuwa na kipindi cha kukaa bila kipato. Wanorwe wa chama cha misitu na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake walipojitokeza kusaidia, walimkuta mtu mwenye vitalu, vikundi na madaftari. Ndipo kazi ya kujitolea ikawa ajira yake.

Na ujuzi uliendelea kumfuata. Sisi tuliokunywa maziwa ya Nyayo darasani tunakumbuka mwaka wa 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Wabunge walimtukana bungeni, yeye na wanawake wenzake, na nyumbani watu wazima walituambia kwamba huyo mama amechanganyikiwa. Tulikuwa wadogo, tuliamini. Lakini alichokifanya kilikuwa kazi ya msomi: aliandika barua. Aliiandikia ofisi ya rais, tume ya jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa, balozi wa Uingereza, akiuliza fedha zinatoka wapi na bustani itabaki na nini. Maswali yaliyoandikwa vizuri yanasumbua kuliko makelele. Wafadhili walijiondoa, jengo halikujengwa, na bustani ile ingalipo katikati ya Nairobi.

Turudi kwa kijana wetu na wasifukazi wake, maana tumeombwa na wazazi tuseme jambo la kutumika. Tumeusoma wasifukazi wa namna hiyo mara kadhaa jikoni, baada ya zamu. Ukurasa wa kwanza ni kichwa cha tasnifu, mistari minne, maneno ambayo hata mwenye uzamifu mwingine hayaelewi. Mwajiri wa hospitali au wa halmashauri ya jiji anaishia hapo. Tuseme kijana aliandika kuhusu wakulima wadogo wa chai Kericho. Je, alihoji watu wangapi? Kwa lugha ngapi? Alipata vipi kibali cha utafiti, akalinda vipi siri za waliosema naye? Fedha za safari alizitunza nani? Mtambo wa takwimu aliutumia upi? Chifu alipokataa aonane na wakulima, alifanya nini? Hayo ndiyo ya kuandika. Hofmann hakumwajiri Wangari kwa sababu ya kware aliowasoma Pittsburgh. Alimwajiri kwa sababu alijua kuandaa tishu.

Tena tunashuhudia haya kazini. Katika hospitali tunazofanyia kazi tumekutana na watu wenye uzamifu wa sosholojia wanaochunguza kwa nini wagonjwa wengine hurudi kabla ya siku 30, watu wa takwimu wanaofuatilia maambukizi, watu wa isimu wanaosimamia wakalimani. Ukiuliza walivyoingia, wengi walianza kando: mradi wa miezi mitatu, kamati, kumsaidia mtu kuandika ombi la fedha. Hakuna aliyeona tangazo lenye jina la tasnifu yake.

Kwa wazazi tuna ombi, si fundisho. Mtoto akikubali kazi isiyokuwa ya uprofesa, msimwambie ameitupa shahada. Wapo kati yetu waliokuwa walimu wa shule za upili Kenya kabla ya kuanza upya uuguzi hapa, na sauti ile ya darasani ndiyo inayomtuliza mgonjwa saa tisa usiku. Wanajua walichobeba. Watoto wao hawajaambiwa.

Mwaka huu, siku ya sherehe, baada ya chakula cha mchana na kabla ya ngoma, tutaweka meza karibu na mlango wa jikoni. Tutakaa hapo wauguzi wanne, pamoja na wenzetu wawili waliomaliza uzamifu wakapata kazi nje ya vyuo. Vijana waje na wasifukazi uliochapishwa, nakala mbili. Wale ambao hawajaonekana mikutanoni tangu mwaka juzi tumeanza kuwapigia simu mmoja mmoja, na mwenye namba mpya ya yeyote kati yao ampe katibu kabla ya Ijumaa.